Kizibo

Saa mbili asubuhi.

Stoo ya nyuma ya gereji ilinuka mpira na oili chafu. Kinara alichora mtaa kwa chaki sakafuni. Duka la sonara huku. Ukumbi kule mwisho. Gari hapa.

Walikuwa wanne. Kinara, mwenye kazi. Fundi, ambaye hakuna sefu iliyowahi kumshinda. Dereva, mnene, mpole, mtu wa maneno machache. Wa nne wote walimwita Shemeji, kwa kuwa Kinara alikuwa amemwoa dada yake.

Kazi ilikuwa nyepesi mno, na hilo ndilo lililomkosesha Fundi raha. Mtaa mzima ulikuwa umenunua hisa. Kinyozi, muuza vitambaa, mwenye duka la dawa, sonara: kila mmoja alikuwa ameweka akiba yake katika kampuni moja inayotengeneza mitambo ya mtandao. Saa tano kampuni hiyo ingetangaza habari kubwa. Kuna waliosema imepata mkataba mnono, kuna waliosema inauzwa. Kwa wiki nzima watu walikuwa hawalali, wanakula kwa mazoea tu. Sasa walikuwa wamekodi ukumbi na skrini kubwa ili wasikie pamoja. Maduka yangefungwa. Mtaa ungebaki na paka.

Fundi aliuliza kuhusu kengele ya sonara. Kinara akapiga kofi sanduku jeusi lenye antena nne. Kengele ile ilifanya kazi kwa kupiga simu, akaeleza, na bila mtandao ingekuwa bubu. Sanduku walikuwa wamelibatiza Kizibo. Likiwashwa ndani ya gari, hakuna simu ambayo ingeita mtaani.

"Linafika wapi?" Shemeji akauliza.

"Mpaka mwisho wa mtaa."

"Na ukumbini?"

"Ndiyo uzuri wake. Hata wakishtuka, watampigia nani?"

Wakacheka, hata Dereva. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Mlangoni Kinara alimshika Shemeji bega. Alimwambia dada yake asijue, leo wala kesho. Mkewe ndiye aliyemlea huyu kaka yake mdogo, alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, na Kinara alikuwa ameapa mbele yake kwamba hatamgusisha na kazi hizi. Lakini Shemeji alitaka mgao mmoja tu, anunue teksi, aachane nao. Na Kinara alihitaji mikono anayoiamini.

"Yuko wapi leo?"

"Ameaga anakwenda hospitali, kumwona shangazi yenu."

Saa tano kasoro robo.

Ukumbini viti vilikwisha, watu wakasimama kando ya ukuta. Kinyozi alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Mwenye duka la dawa alirudiarudia bei ya jana kama mtu anayesali. Mstari wa nne, simu mapajani, alikaa mke wa Kinara.

Hakukuwa na shangazi hospitalini. Alikuwa ameuza cherehani yake moja, akanunua hisa, bila kumwambia mume. Zikipanda angefungua duka la nguo, na siku hiyo angemwambia mumewe: basi, acha, chakula tunacho.

Saa tano.

Mkurugenzi alitokea kwenye skrini. Akashukuru. Akafungua mdomo kutoa habari, akaganda hivyo hivyo, meno nje.

"Bei imemshtua mwenyewe," kinyozi akasema. Watu wakacheka kidogo. Mkurugenzi hakusogea.

Kila mtu akatazama simu yake. Hakuna aliyepata hata mstari mmoja. Kampuni ya mtandao, mtu akanung'unika, na mtandao hakuna. Kicheko hakikuja tena. Jasho lilikuja. Kisha muuza vitambaa akasimama. Mtaa wote ulijua kwamba mtandao ukisumbua, mtu anakwenda kusimama kwenye kona ya sonara, maana pale haukosekani. Hakuhitaji kusema. Wote wakainuka.

Fundi alikuwa ameshaifungua sefu. Shemeji alijaza begi. Dereva, injini ikinguruma, Kinara kando yake na Kizibo miguuni, ndiye aliyewaona wa kwanza kwenye kioo. Umati mzima ulikuwa unakuja kimya, macho juu, mikono juu, kila mkono na simu, kama watu wanaosalimu amri.

"Kaka," alisema. "Tazama nyuma."

Kinara akageuka. Dereva akapiga honi. Fundi akachomoka, akajitupa kiti cha nyuma, akavuta mlango kwa nguvu za woga, ukajifunga. Wakati huohuo sonara aliuona mlango wa duka lake. Mikono ikashuka. Kelele zikapasuka, wengine wakakimbia kulipita gari ili walizuie.

Shemeji alitoka wa mwisho. Alirusha begi dirishani likamwangukia Kinara kifuani, akashika kitasa.

"Shem, fungua."

Kinara alinyoosha mkono. Ndipo akamwona mkewe, mbele ya umati, simu bado juu. Mkewe bado hakuwa amemtambua. Kinara aliurudisha mkono, akainama chini ya dashibodi, akaficha uso.

"Shem. Shem, fungua."

"Ondoa gari," Kinara alisema kutoka chini.

"Shemeji yako bado."

"Nimesema ondoa."

Dereva akaondoa. Vidole vya Shemeji havikuachia kitasa. Gari lilimburuta mpaka mbele ya kinyozi, kisha vikaachia, na tairi la nyuma likainuka kidogo, likashuka.

Kinara, akidhani wamepita, alikuwa ameinua kichwa. Mkewe alikuwa dirishani kwake. Walitazamana, kisha gari likakata kona.

Lilikwenda na Kizibo chake. Mtandao ukarudi, simu zote mtaani zikalia kwa pamoja. Mkataba umepatikana. Bei imepanda maradufu na inaendelea kupanda. Watu walisoma, wakarudisha simu mfukoni bila kutazamana.

Mke wa Kinara alikuwa ameketi kwenye lami, kichwa cha kaka yake mapajani. Aliifuta simu kwa upindo wa nguo, akawapigia polisi. Askari akamuuliza kama ameona namba za gari. Alijibu kwamba zitakuwa za bandia, zisiwapotezee muda.

"Andika jina," alisema.

Akayataja majina yote matatu ya mumewe, la kwake, la baba yake na la babu yake, polepole, ili askari asikosee.