Rubani Aliyelala Akipimwa Suruali

Ndege zilianza kupita juu ya nyumba ya mama fundi tangu alfajiri. Zilipita chini chini, magurudumu yametoka, karibu kugusa mabati. Vikombe vilitetemeka kabatini. Pini zilichezacheza kwenye kisahani. Lakini mama fundi hakuzisikia tena. Alikuwa amezizoea, kama mtu anavyozoea mkoromo wa mumewe.

Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, apate mwanga. Wateja wake wengi walitoka kiwanja cha ndege: wapakia mizigo, wahudumu wa ndege, na marubani. Mume wake alikuwa amefariki zamani. Alimlea binti yake kwa cherehani hiyo hiyo.

Binti huyo aliitwa Kipanga. Alipokuwa mdogo alisimama barazani, akatandaza mikono na kuzikimbiza ndege mpaka akagonga ukuta. Jina likamganda. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye leseni ya urubani. Lakini kazi ya urubani hakuipata. Aliuza tiketi kaunta, akiwatazama wenzake wakipanda ndege na yeye akibaki chini.

Ijumaa moja aliingia ndani mbio, viatu mkononi.

"Mama! Wamenichukua! Lile shirika la ndege za bluu!"

"Acha utani wewe."

"Haki ya Mungu. Nasaini mkataba Jumatatu."

"Na mshahara?"

Kipanga akainama, akamnong'oneza sikioni. Mama fundi akakaa juu ya rundo la vitambaa bila kutazama anakalia nini.

"Una hakika hukuzidisha sifuri?"

"Sikuzidisha, mama."

Mama fundi hakungoja. Alitoa kitambaa cha bluu alichokitunza sandukuni, akakitandaza mezani, akachukua mkasi.

"Mama, subiri basi. Sijasaini."

"Kusaini ni wino tu. Koti ndilo lenye kazi."

Akakata.

Siku ya pili mchana alikuja mteja wake, rubani wa shirika hilo la bluu. Alikuwa mrefu na mpole. Mama fundi alimwita Baba Suruali, kwa sababu kila alipokuja alileta suruali ipunguzwe kiuno.

"Imeanza kunivuka tena, mama."

"Haya, panda juu ya kigoda nikuone."

Mama fundi alipiga magoti, pini mdomoni. Alizungusha futi yake kiunoni mwa yule rubani. Akazungusha tena, asiamini. Kiuno kilikuwa kimepungua mno tangu mara ya mwisho.

"Baba, nyumbani hawakupikii?"

Kimya.

"Nakutania tu, usikasirike."

Kimya. Mama fundi akainua uso. Baba Suruali alikuwa amesimama wima kama nguzo, mikono pembeni. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa amelala.

Kisha akayumba. Mama fundi akatema pini, akamdaka kwa kumshika mkanda wa suruali.

"Mama wee! Baba, amka!"

Yule rubani akashtuka. Mkono wake ukanyooka mbele, ukashika hewa.

"Magurudumu nimeshusha!" alisema kwa sauti kubwa.

Kisha akaona cherehani, akaona vitambaa. Akashuka polepole.

"Nisamehe, mama. Tangu alfajiri nilikuwa angani. Na jana vilevile."

"Si kitu. Nenda ukalale sasa."

"Nitalala kesho, nikijaliwa. Jioni narudi kazini. Nina abiria."

Ndege ikapita juu. Vikombe vikatetemeka. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mama fundi akaisikia.

"Huwezi kuwaambia umechoka?" aliuliza.

"Naweza. Lakini pale fedha nyingi ni za saa za kuruka. Nikisema nimechoka, sirushi. Nisiporusha, silipwi. Na ratiba ijayo wananinyima safari. Nina watoto, mama."

Alikunywa maji, akashukuru, akaenda zake. Mama fundi alijaribu kutia uzi kwenye sindano. Ulikataa kuingia. Si macho yaliyomsumbua. Kila ndege iliyopita, aliacha kazi na kutazama dari. Nani anaiendesha hii? Yuko macho? Na pembeni yake kakaa mtoto wa nani?

Kipanga aliporudi, mama yake alimweleza yote.

"Mama, huyo mmoja tu ni mgonjwa pengine!"

"Si mgonjwa. Ana usingizi."

"Kwa hiyo niuze tiketi mpaka nizeeke?"

"Nataka uzeeke, mwanangu. Ndiyo ninachotaka."

Kipanga akaokota viatu vyake, akaingia chumbani.

Nyumba ya jirani alikaa mama mmoja rubani wa siku nyingi, wa shirika jingine. Mtaa mzima ulimwita Kapteni. Jumapili baada ya chakula mama fundi alimvuta binti yake mpaka huko. Kipanga aliingia amenuna. Kapteni alikuwa anapiga pasi mashati yake meupe.

"Karibu, dada. Na wewe Kipanga, nimesikia habari njema. Mbona mdomo umeutoa nje hivyo?"

"Mama hataki nirushe ndege."

"Ninaogopa," mama fundi alisema. Akaeleza habari ya kigoda na mkanda.

Kapteni akaiweka pasi chini. Hakucheka.

"Kipanga, huo mshahara waliokutajia ni wa kiasi gani cha kazi?"

"Ni wa mwezi."

"Mwezi ambao umeruka mara ngapi? Usiporuka, kwa sababu mvua imefunga kiwanja, au ndege iko kwa mafundi, wanakupa nini?"

"Hilo... sikuuliza."

"Basi wamekutajia mwezi ulionona. Uliza mshahara wa msingi, yaani ule unaoupata hata ndege isipoondoka. Uliza siku ya kukaa nyumbani ukingoja simu yao. Unalipwa, au unangoja bure? Na mafunzo ya ndege zao, nani analipa?"

"Walisema wanalipa wao."

"Wanalipa, halafu?"

"Halafu nisiondoke kwao kwa muda."

"Muda gani? Na ukiondoka mapema?"

Hilo nalo Kipanga hakuwa ameliuliza. Kapteni alishika tena pasi.

"Sikutishi, binti yangu. Mashirika mengine hufanya hivyo kwa haki, wala si kosa. Ila ujue kabla, si baada. Kazi yetu hii ukiumwa sikio tu, daktari anaweza kukuzuia kuruka. Nani atakulisha ukizuiwa? Hiyo ni bima, iulize. Tena sheria inataka rubani apumzike baina ya safari. Uliza wao wanaifuataje."

"Maswali yote hayo? Si watanifukuza!"

"Mama yako akishona nguo, hupima kiuno, mabega, mkono, mpaka shingo. Wewe kazi hii umeipima kiuno tu, tena kwa kukisia. Omba mkataba uje nao nyumbani. Tutausoma wote, na chama chetu cha marubani kina mwanasheria. Asiyetaka uusome, jiulize kwa nini. Na kama huna nafasi ya yote, uliza moja tu: rubani akisema amechoka, anafanywa nini? Ukishauliza, mtazame usoni."

Jumatatu mama fundi alikaa mbele ya koti la bluu. Lilikuwa bado halina mikono. Alishona, akafumua. Akashona, akafumua tena. Alijua hamu ya mtoto wake. Aliogopa Kipanga atasaini. Na, aseme kweli, aliogopa pia kwamba hatasaini.

Kipanga alirudi mchana, akakaa juu ya kigoda kile kile.

"Hawakunipa mkataba nije nao, mama. Wamesema saini hapa hapa, watu wako kwenye foleni. Nikausoma nimesimama. Mshahara wa msingi haufiki hata nusu ya ule niliokunong'oneza. Kungoja simu ni bure. Na nikiondoka kabla ya miaka mitano, mafunzo yote nalipa mimi, kwa mkupuo."

"Uliuliza lile swali?"

"Niliuliza. Yule ofisa akacheka. Akasema, 'Binti, marubani wetu hawachoki.'"

Mama fundi akaweka sindano chini.

"Ukasaini?"

"Kalamu niliishika. Nikamwona Baba Suruali ameshika hewa, kama ulivyonisimulia. Nikairudisha mezani."

Walilia wote wawili, kila mmoja kwa lake.

Miezi iliyofuata haikuwa myepesi. Kipanga alirudi kaunta ya tiketi. Watu hawakukosa la kusema. "Eti kakataa ndege, anangoja roketi!" Mama fundi alimeza maneno hayo, akaendelea kushona. Nafasi nyingine ilipotangazwa, na Kipanga asiitwe, alijiuliza kimoyomoyo kama hawakukosea.

Kisha shirika moja linalobeba dawa na vifurushi likamwita. Safari hii mama fundi hakugusa mkasi. Kipanga alirudi na mkataba. Kapteni alikuja, wakausoma mezani, neno kwa neno. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa kunong'onezwa, lakini uliingia kila mwezi, uruke usiruke. Mapumziko yalipangwa kwa sheria, na rubani wa akiba alikuwepo. Bima tu ndiyo haikueleweka. Wakaomba irekebishwe. Ikarekebishwa, wala hakuna aliyefukuzwa. Ndipo Kipanga akasaini.

Asubuhi moja mama fundi alimkuta binti yake bado kitandani.

"Kulikoni? Huna safari leo?"

"Jino limenikesha, mama. Nimepiga simu nikasema sifai kuruka. Wamesema haya, lala, mwenzako atakwenda."

"Na mshahara?"

"Uko pale pale."

Mama fundi alifunga mlango taratibu, akaenda kumchemshia maji ya kusukutua.

Kesho yake Baba Suruali alibisha hodi. Yeye naye alikuwa amehamia shirika hilo la vifurushi. Bado alikuwa akilipa deni la mafunzo kwa wale wa bluu, kidogo kidogo, baada ya mwanasheria wa chama kumtetea. Alileta suruali yake.

"Leo unipanulie kiuno, mama. Inanibana."

Akapanda juu ya kigoda. Mama fundi akapiga magoti, akaanza kubandika pini. Baada ya kila pini aliinua uso.

"Mbona unanitazama sana?"

"Nahakikisha macho yako wazi."

"Yako wazi, mama. Hiyo pini yako imeingia kwenye nyama."

Ndege ikapita juu. Vikombe vikatetemeka. Mkono wa mama fundi ukasimama, na moyo ukaruka kidogo, kama unavyoruka hadi leo.

"Ile ya nani?" aliuliza.

Baba Suruali akatega sikio, akatabasamu.

"Ni yetu. Leo zamu ya Kipanga. Jana alipumzika siku nzima."

Mama fundi aliisikiliza mpaka ilipogusa chini. Kisha akaokota pini nyingine.