Kitufe cha Nimeona

Jasusi Bisibisi hakuwahi kushindwa kazi, na chumba chetu cha mashine hakikuwahi kupoteza hata herufi moja.

Kumbuka nilivyosema.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, tiketi namba 40417 iliingia kwenye dawati la msaada.

"Printa ya ghorofa ya tatu inatoa karatasi tupu. Njooni haraka."

Bisibisi aliisoma mara moja. Akasogeza kikombe cha chai pembeni.

Jengo letu lina ghorofa mbili.

Ngoja nieleze, maana mimi ndiye niliyekabidhiwa kujaza fomu ya tukio, na fomu yenyewe imeacha mistari minne ya maelezo. Mistari minne kwa siku kama ile? Nimeongeza karatasi.

Hii ni ofisi ya kumbukumbu za nyumba na viwanja. Bisibisi alikuwa fundi wetu mkuu, mfuko wa shati umejaa bisibisi sita, na jina likamganda. Kumbe miaka yote saba alikuwa mtu wa Usalama. Amri zake zilimjia kupitia foleni ya malalamiko, kwa sababu wakubwa wake walishafanya utafiti: ukitaka siri isionwe na jicho la binadamu, iandike kama lalamiko la mteja.

"Karatasi tupu" ilikuwa na maana moja. Adui yuko ndani, na amekuja kufuta.

Kufuta nini? Mtaa wa bondeni. Kaya elfu nne. Kampuni ya kigeni iliutaka mtaa mzima, na baraza la ardhi lilikuwa limetoa kauli: leo saa nane mchana ofisi ioneshe kumbukumbu za wenye nyumba. Zikionekana, watu wanabaki. Zisipoonekana, bonde ni pori na waliomo ni wavamizi. Matingatinga yalikuwa yameshapangwa kando ya barabara, madereva wanasoma magazeti. Na hati zenyewe za karatasi tulizisaga mwaka uliopita, baada ya kuziingiza kwenye kompyuta. Siku hiyo tulikata na keki.

Katika kaya hizo elfu nne, nyumba moja ya vyumba vitatu na mlango wa bluu ilikuwa ya shangazi yake Bisibisi, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu.

Shangazi mwenyewe alikuwa ukumbini, namba mkononi, mwavuli magotini. Miezi kumi na moja alikuwa anakuja kufuatilia nakala ya hati yake. Kiti kilekile cha mbele, mkabala na kioo cha dawati letu. Miezi kumi na moja Bisibisi alimpita akisema, "Karibu, mteja," naye akajibu, "Asante, fundi."

Siri ya kazi ni siri ya kazi.

Saa ya Casio mkononi mwa Bisibisi ikakohoa.

"Kituo kwa Bisibisi. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Wako wangapi?"

"Wawili. Nawatazama."

Walikuwa wamesimama mapokezi, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wamevaa fulana za kampuni iliyotuuzia mfumo, vitambulisho shingoni, sanduku la alumini katikati yao.

"Tumekuja kuhuisha mfumo," alisema Mrefu, kwa adabu. "Tuliahidi saa tatu na robo."

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na robo.

Bisibisi aliitazama mara mbili. Miaka saba, hakuna fundi wa kampuni ile aliyewahi kufika siku aliyoahidi, sembuse saa. Tena hawa walikuja na skrubu zao.

"Si wa kampuni," alinong'ona kwenye saa. "Wamewahi."

Lakini dada wa mapokezi alikuwa ameshawafungulia. Mlango wa chumba cha mashine ukajifunga nyuma yao.

Bisibisi akavuta boksi lililoandikwa KIBODI MBOVU. Chini ya kibodi kumi na tisa ililala bastola yake, Glock. Hakuwahi kuifunga kwa kufuli. Nani atafungua boksi la kibodi mbovu?

Akaichomeka kiunoni, akaruka. Ukumbi mdogo, kona, mlango. Akapitisha kadi.

Kioo cha kitasa kikamjibu: "Inajihuisha. Tafadhali usizime. 34%."

Bisibisi alikuwa na msimamo kuhusu programu za maofisi makubwa, na aliutoa bila kuombwa: zinaandikwa na watu wasiozitumia, zinanunuliwa na watu wasioziona, zinatumiwa na watu wasioulizwa. Mlango huo zamani ulikuwa na ufunguo. Ulifunguka kila siku. Basi wakaona una kasoro.

34%.

34%.

Ndani, kitu kikaanza kuvuma. Sauti nzito, kama nyuki kwenye debe.

35%.

Akapiga magoti, akachomeka bisibisi namba nne, akanyanyua kigae cha sakafu. Chini yake kuna uwazi wa kupitishia nyaya, kimo cha mbwa. Akatambaa juu ya nyaya alizozilaza mwenyewe: za bluu za data, nyekundu za umeme, na za kijivu ambazo hakuna mtu aliye hai anayejua zinakwenda wapi.

Akasukuma kigae kingine, akatokea nyuma ya seva.

Mrefu aligeuka, mkono ukaenda kiunoni. Akachelewa. Bisibisi alimvuta miguu kupitia shimo, akamfunga kwa waya wa kijivu. Kwa mara ya kwanza waya ule ukawa na kazi inayojulikana.

Mfupi hakusubiri. Alichomoa diski sita, akazitupia kwenye sanduku, akakimbia. Mlango ukamfunguka bila shida. Huo ukitoka haudai kadi.

"Kituo, mmoja anatoroka na diski."

"Mpige."

"Ukumbini kuna watu tisini."

Mfupi alipasua ukumbi, akaruka mikoba, akaruka mtoto, akaona jua la nje hatua nne mbele yake.

Mwavuli ukanyooka kutoka kiti cha mbele.

Alianguka kama gunia. Sanduku likaserereka hadi miguuni pa Bisibisi.

"Mwambieni apange foleni kama wenzake," alisema Shangazi, akirudisha mwavuli magotini. "Watu tumeanza kukaa hapa kabla yake."

Ukumbi ukacheka. Bisibisi akamfunga Mfupi pingu. Uso wake ulikuwa mkavu kama biskuti.

"Asante, mteja."

"Karibu, fundi."

Hapo ndipo simulizi ya watu wengine huisha, shujaa akavaa miwani ya jua. Bahati yao.

Saa nne na nusu Bisibisi alizirudisha diski kwenye seva. Seva ikanguruma, ikawaka taa zake zote. Bisibisi alikuwa na neno kuhusu seva za bei mbaya: zinapokufa hufa zimependeza. Kioo kikaandika: diski sita, zote tupu.

Ule mvumo. Mle kwenye sanduku walikuwa na sumaku. Walifuta kwanza, ndipo wakabeba.

Mfupi, sakafuni, akatabasamu. "Umechelewa, kaka."

Bisibisi naye akatabasamu. "Diski ni duka tu," alisema. "Ghala liko kwingine."

Akafungua sefu. Humo mlikuwa na kanda za nakala za akiba, moja kwa kila siku ya kazi. Kila alfajiri mashine hufuta kanda ya siku hiyo, huandika kumbukumbu zote upya, kisha huacha taarifa kwenye kioo cha kompyuta ya dawati. Kijani maana yake salama. Na kazi ya kuitazama kila asubuhi ilikuwa ya kijana wa zamu: hodari, mcheshi, mwenye sura ya kupendeza, ambaye kwa heshima sitamtaja.

Mfumo ukadai namba ya siri ya kurejeshea. Namba ilikuwa kwa kampuni. Bisibisi akapiga simu.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," ilisema kanda ya sauti. Kisha zeze.

Kuhusu huduma kwa wateja alikuwa na msemo mmoja, na aliusema simu ikiwa begani: "Mteja hagombani na mashine. Anagombana na kungoja."

Aligombana nako saa moja na dakika ishirini.

"Habari yako, mpendwa mteja," ilikuja sauti ya kijana, laini. "Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Seva imefutwa. Nataka namba ya kurejeshea."

"Pole sana kwa usumbufu. Naona hapa nakala zenu zote ni kijani."

"Ndiyo. Nipe namba."

"Yaani kijani miezi yote. Hongereni sana. Wenzenu wana njano mpaka huruma."

"Ndugu yangu. Namba."

Alipewa namba saa sita na robo, baada ya kutaja jina la aliyesaini mkataba, ambaye ni marehemu. Akaombwa atathmini huduma, moja mpaka tano.

Kanda ya kwanza ikaingia. Mshale ukatambaa. Wateja walikuwa wamesikia. Walisimama nyuma ya kioo, namba zao mkononi.

"Faili zilizorejeshwa: 0."

Kanda ya pili. Sifuri.

Ya tatu. Ya nne. Sifuri, sifuri.

Ya tano aliiingiza kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto.

Sifuri.

Bisibisi alifungua daftari la mashine, akasoma kwa sauti isiyo na rangi. Kichwa cha kuandikia kiliharibika miezi kumi na moja iliyopita. Kila alfajiri mashine ilifuta kanda vizuri kabisa, ikajaribu kuandika, ikashindwa. Kufuta ilifuta. Kuandika haikuandika. Na kila alfajiri ilisema hivyo, kwa njano: "Onyo. Hakuna kilichoandikwa."

Chini ya onyo kuna kitufe: Nimeona.

Ukikibonyeza, njano inageuka kijani.

Ndivyo kampuni ilivyokitengeneza. Ni ugonjwa pekee duniani unaopona kwa kukiri kwamba umeuona. Kilikuwa kimebonyezwa mara mia mbili na thelathini na moja, kila siku ya kazi, saa mbili na dakika tano, kwa jina la kuingilia "zamu_asubuhi", linalotumiwa na mafundi watano.

Kwa hiyo aliyebonyeza hajulikani. Nisisitize hapo. Hajulikani.

Saa nane kasoro dakika tatu, mjumbe wa baraza alipiga simu. Meneja akamjibu maneno mawili. Mjumbe akamshukuru kwa ushirikiano.

Saa nane.

Mbali, upande wa bonde, injini zikaanza kunguruma, moja baada ya nyingine. Mzee mmoja nyuma ya kioo aliitazama namba yake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

Casio ikakohoa.

"Kituo kwa Bisibisi. Wahalifu?"

"Wawili. Pingu."

"Kumbukumbu?"

Bisibisi akazirudisha kanda tano kwenye sefu, moja moja.

"Amri ilikuwa kuwakamata," ilisema saa. "Funga tiketi."

Akafungua tiketi namba 40417. Akachagua "Imetatuliwa". Akavua kitambulisho cha ufundi, akakiweka juu ya boksi la kibodi, akapanga bisibisi zake sita pembeni, kubwa hadi ndogo. Akavaa miwani ya jua. Akatoka ukumbini bila haraka, akasimama mbele ya kiti cha mbele.

"Shangazi," alisema. "Twende tukatoe vitu."

Mara ya kwanza kwa miezi kumi na moja. Yule mama alimpa mkoba, akanyanyuka kwa kuegemea mkono wake.

"Mlango unang'oka kirahisi," alisema. "Tuanze na mlango."

Wakati huo meneja alikuwa ameshaleta fomu. Nilikuwa nimekaa dawatini naijaza, mwandiko safi, nimefika kwenye swali la saba: jina la aliyekuwa akibonyeza. Nikaandika: hajulikani, mfumo hauoneshi. Nikasoma kwa sauti ili meneja aridhike.

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama.

"Meneja, mwanangu," alisema, "mimi nimekaa kiti kile miezi kumi na moja, natazama kioo hiki. Runinga yenu ya ukumbini ni mbovu, nilikuwa na nini kingine cha kutazama? Kila asubuhi kioo cha kompyuta kinakuwa cha njano. Anakuja, simu mkono huu, kidole cha mkono huu, mara moja tu, kinakuwa kijani. Siku moja nilimgongea nikamuuliza, baba, ile njano ni ya nini? Akacheka. Akaniambia, hayo ni mapambo, mama."

Akanyoosha mwavuli.

"Ni huyo hapo anayeandika."

Meneja alinigeukia. Wateja tisini wakanigeukia. Bisibisi alivua miwani, akanitazama kitambo, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama mashine asiyokusudia kuitengeneza.

"Swali la saba, fundi," alisema. "Futa, andika upya."

Akairudisha miwani, akamshika shangazi yake mkono, wakashuka ngazi polepole kuelekea kwenye ule mngurumo.