Nguzo Kando ya Njia ya Ng'ombe

Ndugu zangu wa Kajiado, na nyinyi wa Kitengela mnaojiona wajanja kuliko sisi, nisikilizeni niwaambie yaliyompata Katoo. Sifichi jina lake. Yeye mwenyewe alisema lisifichwe.

Shule ya Upili ya Oldarpoi iko nje kidogo ya mji wa Kajiado, upande wa barabara ya Namanga. Ilianza kabla ya Uhuru, wazee walipotoa ardhi kwa neno la mdomo tu. Sharti lao lilikuwa moja: njia ya ng'ombe inayopita katikati ya shule kwenda bwawani isizibwe kamwe. Basi kila kiangazi mifugo ikionekana kwa mbali, kengele inagongwa, wanafunzi wanaoteka maji wanasogea kando na ndoo zao, na ng'ombe wanakunywa kwanza. Mwanafunzi mgeni kutoka Nairobi hunung'unika mwaka wa kwanza. Akifika kidato cha pili, yeye ndiye anayekimbilia kengele. Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya Oldarpoi, na hata walioanguka mtihani pale wanaisifu mpaka leo.

Katoo alisoma hapo. Babake alikuwa mmoja wa wale wazee. Binti yake Soipan aliingia kidato cha nne Januari ya mwaka 2004, na alitaka kuwa daktari wa mifugo. Mwalimu mkuu alikuwa Mbuvi, Mkamba wa Machakos aliyefundisha pale tangu miaka ya tisini ianze, hata akajua Kimaasai cha kuombea chai na cha kugombeza watoro.

Amani hiyo ilivurugwa na nguzo. Asubuhi moja lori lilimwaga nguzo za mwerezi nyuma ya maabara, na mafundi wakaanza kuchimba mashimo. Mengine yakaangukia kando kabisa ya njia ya ng'ombe. Mwalimu hakumweleza mtu yeyote. Nanyi mnajua kwetu nguzo si kitu cha mchezo. Tangu ranchi zigawanywe na Kitengela ikajaa ploti, mtu akiona nguzo anajua shamba limeuzwa, bado tu kuambiwa nani amenunua.

Juma hilohilo Kuntai alimtembelea Katoo. Huyu Kuntai ni wa rika lake, walionekana pamoja mara nyingi, na kazi yake ni udalali wa ploti kule Kitengela.

"Umeona hizo nguzo za Mwalimu?" akauliza.

"Nimeona."

"Na wewe uko kwa kamati ya shule. Hajakuambia kitu?"

"Hajasema."

Kuntai akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo, mkiniuliza mimi, ilikuwa ya kukodi. "Mimi sisemi kitu. Lakini mtu wa Machakos anatafuta nini na nguzo kwa ardhi ya baba yako? Na usiseme ni mimi nimesema."

Ndugu msomaji, ukisikia mtu akikuambia usiseme ni yeye amesema, muulize hapo hapo anaficha nini. Katoo hakuuliza. Tangu siku hiyo kila alichokiona kikawa ushahidi. Mbuvi akimsalimu, Katoo aliwaambia majirani anajipendekeza. Asipomsalimu, dhamiri inamsuta. Mwalimu akanunua viatu vipya, na Katoo akavitazama viatu vile kanisani ibada nzima.

"Baba Soipan, si umuulize tu?" mkewe Ruth alimwambia.

"Mwizi haulizwi kama ameiba. Atakataa, halafu aharakishe."

Mwezi wa tatu akamtoa Soipan shuleni. "Utakaa nyumbani mpaka huyo mtu aondoke," akamwambia.

"Baba, sasa ndiyo tunasajiliwa mtihani. Nikikosa, nimekosa mwaka."

"Ardhi ikienda hairudi. Mwaka utarudi."

Watu walipoona mwana wa yule mzee aliyetoa ardhi amemtoa bintiye, nao wakawatoa watoto wao. Mtu akiuliza sababu anajibiwa, "Lisemwalo lipo." Madarasa yakaanza kubaki nusu, na walimu wakaanza kuomba uhamisho.

Siku moja adhuhuri Katoo alipeleka ng'ombe bwawani. Akamkuta Kuntai amesimama na wageni wawili wenye vyombo vya kupimia ardhi.

"Hii shule imekufa," Kuntai alikuwa akiwaambia kwa furaha. "Hata wenyeji wametoa watoto wao. Kamati ikikubali ifungwe, ardhi inarudi kwa familia za waliotoa, hapa ni ploti tupu, na maji iko." Alipomwona Katoo hakuona haya hata kidogo, akamsalimu kwa Kimaasai. "Sopa, ndugu yangu. Usijali, sehemu ya baba yako nitakutafutia mnunuzi mzuri."

"Nani ameambia watu watoe watoto?" Katoo akauliza.

"Si ni wewe?" Kuntai akasema.

Katoo aliwaacha ng'ombe wakinywa, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mbuvi. Hapo ndipo alipouliza lile swali ambalo mkewe alimwomba aulize tangu mwanzo.

"Mwalimu, hizi nguzo ni za nini?"

"Za kuzungushia shule," Mbuvi akajibu. "Nilisikia kuna dalali anaonyesha watu hii ardhi, nikataka tuweke mipaka kabla yake. Njia ya ng'ombe iko wazi. Twende nikuonyeshe, pale itakuwa lango."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mzee Katoo, kila nikikuona uko na huyo dalali. Ningejuaje ni nani wa kuambiwa?"

Nikikumbuka jambo hili nawakasirikia wote wawili. Walikuwa wakiilinda ardhi moja, kila mmoja akimkodolea macho mwenzake, na mnyakuzi akipita katikati yao.

"Na Soipan?" Katoo akauliza mwishowe.

"Usajili umefungwa wiki iliyopita. Nilimtuma Mwalimu Khisa kwako, ukamfukuza. Ulisema ametumwa kupeleleza."

Shule ilipona. Wazazi walikutana uwanjani, Mbuvi akaeleza, Katoo akasimama akasema makosa yake mbele ya watu, na watoto wakarudi. Wafugaji wenyewe walimaliza kusimamisha zile nguzo na kuacha lango pana la ng'ombe. Kuntai alirudi Kitengela akatafute wengine wa kuwanong'oneza.

Lakini wenzake Soipan walifanya mtihani bila yeye. Alikuwa amekwenda Illasit, mbali mpakani na Tanzania, kwa shangazi yake Naeku, kumsaidia shamba la nyanya. Desemba Katoo alimfuata huko, akamkuta akichagua nyanya za kwenda sokoni.

"Nimeongea na Mwalimu Mbuvi," akamwambia. "Januari unarudi darasani. Utafanya mtihani na wale wa nyuma yako."

Soipan hakuacha kazi. "Nitamuuliza Mwalimu kwanza."

"Mimi ni baba yako, na mimi ndiye nakuambia."

"Najua, baba. Lakini nitamuuliza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Katoo. Aliniambia kwamba alilia njia nzima kutoka Illasit, na Katoo si mtu wa kulia.

FUNZO

Kushuku si dhambi. Katika nyakati hizi za ploti na madalali, asiyeshuku atanyang'anywa hata uwanja wa boma lake. Dhambi ni kuibeba shuku yako kwa majirani kabla ya kuipeleka kwa mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Ukimshuku mtu, nenda kwake mchana, umtazame usoni, umuulize. Kisha mtazame pia aliyekunong'oneza, ujue atapata nini ukimwamini.

Na wewe unayeongoza shule, kanisa au kamati, sema unachofanya mapema. Ukinyamaza, watu watakutungia sababu, na itakuwa mbaya kuliko ile ya kweli.

Wazee wetu walitoa ardhi ya Oldarpoi kwa neno la mdomo, na neno hilo likailinda shule miaka yote hiyo kwa sababu waliaminiana. Sisi tuliosoma humo tulishindwa kuulizana nguzo ni za nini, na mtoto akalipa kwa mwaka wake.