Sauti Iliyoombwa Kila Alasiri

Kila alasiri, matangazo ya vifo yalipoanza, redio ilikata. Asubuhi yote muziki ulikwenda vizuri, lakini mtangazaji Zenon akishataja jina la marehemu wa kwanza, programu ya kurushia matangazo ilizimika yenyewe, na chumba cha mitambo kikanuka tope la mtoni. Nao ulikuwa mwezi wa kiangazi, Sumbawanga nzima ni upepo na vumbi.

Cornelia, fundi wa kompyuta wa redio ile ndogo, alibadilisha nyaya, akaweka programu upya, akaweka hata diski nyingine. Wapi. Watu wakaanza kulalamika, maana kuna familia zilizozika bila ndugu zao wa Kasesya kupata habari.

Basi akaamua kuifuatilia hatua kwa hatua. Programu haifanyi lolote peke yake. Ikitaka kufungua faili au kutoa sauti, lazima iombe kwa mfumo endeshi wa kompyuta, nao ukubali au ukatae. Cornelia aliwasha chombo kinachoonyesha kila ombi na jibu lake. Fungua wimbo: sawa. Soma: sawa. Zenon alipomtaja marehemu wa kwanza, likaja ombi geni: fungua sauti ya Urbano. Jibu: hakuna faili hilo. Ikaomba tena, na tena, maelfu ya mara, hadi ikaelemewa ikafa.

Urbano alikuwa mtangazaji mwenzao. Masika yaliyopita alikwenda Kaoze kurekodi wakulima, mto ukamchukua na pikipiki yake. Mwili haukuonekana. Mama yake, Mary wa Mollo, alikataza kifo kisitangazwe: hakuna maiti, alisema, kwa hiyo hakuna msiba.

Cornelia alilitafuta jina hilo ndani ya programu yote. Halikuwemo.

Zenon alikuwa ametoka studio, amesimama nyuma yake. "Usilitamke humu," alinong'ona. Alidai ni jini la mtoni limejivika jina la rafiki yao, aitwe padri. Cornelia alikuwa ameshaigeukia kompyuta, kwa sababu programu iliyokwisha kufa ilikuwa inaomba tena, safari hii ikitaka maikrofoni ya studio, na ikafunguliwa, na sauti ikaanza kuingia ingawa ng'ambo ya kioo hapakuwa na mtu, na alipovaa hedifoni akasikia maji yakipita kwenye mawe, na pumzi nzito, na ndani ya pumzi hiyo sauti aliyofanya nayo kazi miaka yote, imechoka, ikisema polepole:

"Mama asiningoje."

Jioni ileile walikwenda Mollo. Mama Mary alikuwa anapepeta ulezi. Mezani ndani, sahani ya Urbano imefunikwa. Walimpa shikamoo, Cornelia akaeleza yote. Mama hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa anasikia baridi?"

"Amechoka tu, mama."

Kesho yake alasiri mama alikuja redioni, akaomba asome tangazo mwenyewe. Zenon akampisha kiti. Harufu ya tope ikaja, ikazidi hadi Cornelia akajiziba pua kwa kanga, na maombi yakaanza kumiminika kwenye kompyuta.

"Mimi Mary wa Mollo," mama alisema, "natangaza kifo cha mwanangu Urbano. Maji yalimchukua Kaoze. Sina mwili wa kuzika. Msiba upo nyumbani kwangu."

Maombi yakapungua, kisha yakakoma. Harufu ikaondoka. Redio haikukata. Mama alibaki ameshika maikrofoni, ameinamisha kichwa, akisikiliza kama kuna atakayemjibu.

Walimsindikiza hadi kwake. Majirani walikuwa wamesikia: wanawake wameshakaa uani, moto umewashwa, unga na kuni vimeletwa. Mama Mary alisimama akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaketi kati yao, na kwa mara ya kwanza tangu masika, akalia.