Sahani Isiyopiga Kelele

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akafua soksi zake, akanywa maji, kisha huyo mbio hadi karakana ya mjomba wake nyuma ya nyumba. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya kusema sana. Hata usingizini, watu wa nyumbani walidai, mdomo wake ulikuwa unaendelea na habari za mchana.

Karakanani tu ndiko alikonyamaza. Mjomba alikuwa fundi wa kukereza. Alikifunga kipande cha ubao kwenye mashine, akakizungusha, kisha akakisogezea patasi taratibu, na maranda yakaruka yakijikunja kama maganda ya chungwa.

"Simama pale pale," alimwambia. "Mashine hii haijui nani mpwa wangu. Ikikushika, imekushika."

Kazi ya Chiriku ilikuwa ya mkono: kupiga msasa vitu vilivyokwisha kutoka mashineni.

Siku hiyo mjomba alikuwa amekereza sahani ndogo ya bibi, mama yake mzazi. Mikono ya bibi ilikuwa imeanza kutetemeka. Sahani za kauri zilimponyoka zikavunjika. Akapewa ya bati, nayo ikawa inagonga meza ta-ta-ta-ta kila alipoishika, na watu wote wakainamisha macho. Tangu hapo bibi alikula peke yake chumbani. Kiti chake mezani kikageuka mahali pa kurundika nguo za kupiga pasi.

"Ubao haupigi kelele," mjomba alisema. "Na ukingo nimeuinua kidogo, vidole vyake vipate pa kushika. Sasa sikia. Msasa mkali kwanza, halafu laini. Kisha ipanguse kwa kitambaa chenye maji, uiache ikauke. Utaiona imeota vinyweleo kama kidevu cha kijana. Usishtuke, isugue tena. Ndipo upake mafuta."

"Mjomba, kwa nini niiloweshe na imeshakuwa laini?"

"Ubao umevilaza vinyweleo vyake, mwanangu. Ukikutana na maji, vinasimama. Basi visimame hapa kwetu, siyo mdomoni kwa mlaji."

Mjomba akatoka kupeleka miguu ya meza kwa jirani. Chiriku alisugua mpaka kiganja kikawa kinateleza. Nje, wenzake walikuwa wameanza kuruka kamba.

"Chiriku! Unasugua sahani au unasugua dunia nzima?" mmoja alipiga kelele, na wengine wakacheka.

Chiriku akatazama bakuli la maji. Akatazama mlango. Imeshalainika hii, alijisemea. Akachukua mafuta yaliyochanganywa na nta, akapaka. Sahani ikang'aa.

Mjomba aliporudi aliigeuzageuza mkononi. "Maji umeipitishia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ahsante, fundi," alisema, wala hakuuliza tena.

Kesho yake mchana, nguo ziliondolewa kwenye kiti. Bibi akaja, akaketi, akaipokea sahani yake. Mikono ilitetemeka kama kawaida, lakini meza ilikuwa kimya.

"Leo mmeikosa ngoma yangu," bibi alisema, na wote wakacheka, yeye akiwapita wote. Akala mpaka akaongezwa. Kisha akakataa kusaidiwa kuiosha: "Sahani yangu naiosha mwenyewe."

Siku iliyofuata bibi hakuja mezani. Chiriku alipompelekea chakula, alimkuta ameketi kitandani, sahani ameifunga ndani ya khanga.

"Rudisha mlango, mjukuu wangu," bibi alinong'ona. "Nimeiharibu. Nimeiosha tu, imeota manyoya, inakwaruza mdomo. Mwanangu ameitolea jasho! Mikono hii kila ikishikacho inakiharibu. Usimwambie."

Chiriku aliipapasa. Ilikwaruza kama ulimi wa paka. Angenyamaza, nani angejua? Mjomba angekereza nyingine, basi. Lakini bibi alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe kama mtu anayetazama wezi wawili.

"Bibi," alisema. "Si mikono yako. Ni yangu. Sikuipitishia maji, nilitaka kwenda kucheza. Na mjomba aliponiuliza, nilimdanganya."

Midomo ya bibi ilicheza kama anayeomba dua. Hatimaye akanyoosha mkono.

"Nishike, twende kwake."

Mjomba aliwaona wakiingia wameshikana, akazima mashine. Chiriku akasema yote bila kumeza neno. Mjomba akajikung'uta maranda kifuani.

"Kuacha maji ni uvivu wa mtoto, ningeucheka," alisema. "Lakini nilikuuliza, mwanangu, nami nikakuamini." Chiriku akalia. Mjomba akamsogezea bakuli na kitambaa.

Akaanza upya. Alisugua, akalowesha, akaacha ikauke, vinyweleo vikasimama, akasugua tena. Bibi, aliyewekewa kigoda, akaipokea sahani, akaipitisha shavuni.

"Bado hapa, karibu na ukingo," alisema. Chiriku akalowesha tena. Safari iliyofuata bibi alifumba macho. "Sasa ni shavu la mtoto mchanga. Mungu ashukuriwe."

Mjomba akaimwagia sahani mafuta kidogo, akampa mama yake kitambaa. Mkono wa bibi ulitetemeka juu ya ubao, mbele na nyuma, na mafuta yakazama vizuri.

"Umeona, mama?" mjomba alitabasamu. "Mtetemo kama huo, mimi kwa mashine naulipia umeme."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamvuta Chiriku karibu.

"Sikia, mke mwenzangu. Kosa ukilinyamazia haliishi, linatafuta mnyonge wa kumwangukia. Safari hii liliniangukia mimi, nikaichukia mikono niliyopewa na Mungu. Ulipolichukua kosa lako, ulinirudishia mikono yangu. Kila utakapokosea, lichukue mapema, kabla mwingine hajalibeba."

"Nimesikia, bibi. Nisameheni nyote."

Mafuta yalipokauka, nguo za kupiga pasi, zilizokuwa zimerudi kitini, zilihamishiwa kapuni, na kiti cha bibi kikavutwa mezani. Sahani ilikaa mikononi mwake bila kulia. Mezani palisikika kelele moja tu, nayo ilikuwa ya Chiriku.