Mgeni Kutoka Nazare

Nyumba ya Shaikha ilianza kunuka ng'onda, na ng'onda haikuwemo. Haikuwemo kwenye friji, haikuwemo stoo, haikuwemo kwenye masanduku ya safari. Dativa, dada wa kazi kutoka Bukoba, alifungua kila kabati, akapiga deki, akachoma udi mpaka macho yakamtoka machozi. Harufu ikakaa pale pale: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani.

"Mama," alisema Dativa, "inatoka kwenye eisi, pamoja na ubaridi wake."

"Eisi haili samaki."

"Mimi nakwambia inapotoka. Sijasema imekula."

Shaikha hakucheka. Harufu ile aliijua, na hakuijulia hapa Sib, Omani.

Yeye na mumewe Maan walikuwa wametoka kutembea Ureno, kwenye mji wa wavuvi uitwao Nazare, pwani ya Atlantiki. Maan ndiye aliyeutaka, tangu alipoona kwenye simu mawimbi yake ya msimu wa baridi, marefu kuliko mnara wa msikiti. Maan ni mtu wa mzaha, hata msibani. Ndege ilipopaa aliinama dirishani, akaashiria upande wa Maskati, ziliko ngome walizojenga Wareno.

"Hawa walikuja kwetu bila kualikwa," alimwambia mkewe. "Sisi angalau tumekata tiketi."

Walifika majira ya joto, bahari imelala. Waliona mashua zilizopakwa rangi zimepandishwa mchangani, na samaki waliopasuliwa wameanikwa juu ya nyavu zilizowambwa kwenye fremu za mbao. Wauzaji walikuwa wanawake wazee waliovaa sketi juu ya sketi. Wenyeji wanasema saba. Mmoja wao alivaa nyeusi tupu, kama wajane wa huko, naye hakuuza kitu. Alikaa mchangani ameielekea bahari. Shaikha na Maan walipokaa karibu yake na sahani ya sadini wa kuchoma, aligeuka akawaangalia wanavyokula.

Sasa, mtoto aliyelelewa na bibi wa Kiunguja, kama Shaikha, hawezi kula mbele ya macho ya mtu akanyamaza. Lile neno hutoka kabla tonge halijaingia. Shaikha akamsogezea sahani.

"Karibu, bibi," alisema, kwa Kiswahili, kwa mwanamke wa Kireno.

Na Maan, mdomo umejaa, akaongeza yake: "Karibu na kwetu Sib, bibi. Kuna jodari."

Yule bibi hakugusa sadini. Alimtazama Maan kwa muda mrefu, namna mke anavyomtazama mume aliyechelewa kurudi.

Wao wakaona ni uzee tu.

Basi harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha ikaja sauti, nayo ilichagua mchana, ule wakati watu wa Sib wamekula, wameteremsha mapazia, wamejilaza, na nje joto linapiga hata paka hapiti. Shaikha alisikia ukumbini kitambaa kikisugua kitambaa, kizito, tabaka juu ya tabaka. Alidhani Dativa anakunja mashuka. Akatoka kumwambia aache, watu wamelala, akakutana na Dativa mlangoni mwa chumba chake, kajifunga kanga, macho mekundu ya usingizi.

"Mama," Dativa alinong'ona, "unakunja nini saa hizi?"

Wakatazamana. Sauti ikapita katikati yao, polepole, ikaelekea chumbani alikolala Maan. Sakafuni zikabaki nyayo za maji. Zilipokauka, kila moja ilikuwa na mviringo wa chumvi.

Usiku ule ule Maan akaanza kukohoa. Hospitali walimpiga picha, wakamtoa maji kwenye pafu, na daktari akauliza alikuwa akiogelea wapi. Maan hakuwa amegusa bahari tangu warudi. Walimtoa maji asubuhi, yakajaa tena mchana. Akarudishwa nyumbani na dawa nyingi na majibu machache, midomo imeanza kuwa ya buluu. Nisizungushe maneno: yule mtu alikuwa anazama, kitandani kwake, Sib, juu ya godoro kavu.

Siku iliyofuata Shaikha aliapa kwamba mchana ule hatolala. Aliketi kwenye kiti pembeni ya kitanda, mkono wake juu ya mkono wa mumewe, na sauti ya sketi ilipoingia hakugeuka, akaendelea kuushika ule mkono, akausikia unavyopoa kidole baada ya kidole, akaiona shuka upande wa pili wa kitanda ikibonyea kama mtu anayekaa kwa tahadhari asimwamshe mgonjwa, na harufu ya ng'onda ikamjaa puani mpaka akaionja chumvi kwenye ulimi, na Maan, macho yamefumba, akageuza uso, akaupa mgongo upande wa mkewe, akauelekea upande ule uliobonyea, akatabasamu.

Ndipo Shaikha alipompigia simu Bi Muhsina.

Bi Muhsina ni shangazi yake Maan, mzaliwa wa Unguja, msomea wagonjwa, na hana subira na mtu anayemficha jambo. Aliingia, akanusa, akavua viatu, akakataa kahawa.

"Mlipokuwa huko, mlimkaribisha nani?"

"Hatukumkaribisha mtu, shangazi. Tulikaa hotelini."

"Shaikha. Nnakuuliza, usinijibu kama unamjibu polisi. Mlimwambia nani 'karibu'?"

Shaikha akamweleza. Mzee akavuta pumzi.

"Hebu sikiliza. Wale Wareno wa zamani walikuja bila kuitwa, wakatolewa kwa mizinga. Huyu mumemwita. Nikimsomea kisomo cha kumfukuza, ataniuliza kosa lake nini, na mie sina jibu. Kaambiwa karibu ule, kaja, hajalishwa. Kakaa na njaa humu, basi kapata cha kukamata."

"Yeye ni nani hasa?"

"Jini wa bahari ya kwao. Mumewe hakurudi, au hakuwa naye abadan, hayo mie hayanihusu. Anamtaka mtu wa kumrudia." Akainua kidole. "Mtamlisha, kama mlivyosema. Halafu utamsindikiza mpaka majini, kama anavyosindikizwa mgeni. Na atakalolisema kule, asimjibu mtu. Ukimjibu, mazungumzo hayajesha."

Kutoka kitandani Maan alinong'ona, pumzi ikikoroma: "Mwambieni jodari wametuishia."

"Wewe nyamaza," alisema Bi Muhsina. "Mdomo wako ndio uliomwelekeza nyumba."

Walitandika mkeka ukumbini. Dativa alichoma samaki, akaweka mkate, ndimu, maji ya kunawa. Shaikha akasema kwa sauti, "Karibu chakula, bibi," na wote wakatoka, wakafunga mlango. Hawakusikia kitu ila kisu. Kisu kilipasua samaki aliyekwisha kuiva, taratibu, kwa mkono uliozoea. Waliporudi, samaki walikuwa mifupa mitupu, imepangwa sahanini vichwa upande mmoja.

"Kashiba," alisema Bi Muhsina. "Twende."

Dativa alibaki na rozari yake. "Ishike kwa nguvu," Bi Muhsina alimwambia, na hakuwa anatania.

Walikwenda Qantab, kijiji cha wavuvi ndani ya ghuba ndogo, majabali yameizunguka kama mikono. Shaikha aliendesha. Maan na shangazi yake walikaa nyuma. Kiti cha mbele walimwachia mgeni. Mara gari lilipoondoka, kengele ikaanza kulia: abiria wa mbele hajafunga mkanda. Ikalia Sib nzima, ikalia barabara kuu, mpaka Shaikha akanyoosha mkono, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akahisi unazunguka kitu kilicholowa, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Huko nyuma Maan akaanza kulia kimya kimya.

Pwani ilikuwa tupu, jua la alasiri linachoma mashua za faiba. Bi Muhsina alimshikilia Maan mlangoni mwa gari. Shaikha alishuka peke yake, na kando ya nyayo zake mchangani zikajichora nyingine, pana, za miguu mitupu. Alitembea kwa adabu, hakuharakisha. Walipofika kwenye maji alisimama. Sketi ziliingia majini, akasikia zinavyolowa, moja baada ya moja.

Kisha sauti ikasema: "Ahsanteni. Nshakula, nshashiba. Na nyie karibuni kwetu."

Ilikuwa sauti ya bibi yake, aliyezikwa zamani, kwa Kiunguja chake kile kile. Shaikha akauma mdomo.

"Karibuni kwetu, mwanangu."

Utotoni bibi yake alikuwa akimfinya. Mtu mzima akikwambia karibu, ukanyamaza, kidole na kucha, palepale juu ya kiwiko. Shaikha alisikia ngozi ya kiwiko ikivutwa. Na mdomo, uliofunzwa kabla hajajua kusoma, ukajibu wenyewe, chini chini:

"Ahsante, bibi. Tushakaribia."

Wimbi dogo likaja, likafuta nyayo.

Nyuma yake Maan alivuta pumzi moja ndefu, kavu, nzima, kama mtu aliyetolewa kisimani. Damu ilimrudi usoni mbele ya macho yao.

"Kasema kitu?" Bi Muhsina aliuliza.

"Kaaga tu."

"Na weye?"

"Mie? Hata."

Mzee alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaingia garini.

Harufu ikaisha. Maan akarudi kazini, akarudi kwenye mizaha yake, akanenepa. Dativa akaacha kulala na taa. Shaikha hakumwambia mtu, na kila alipovuka ukumbi mchana aliangalia sakafu, na sakafu ilikuwa kavu, na hata hivyo hakukaa kiti kimoja akatulia.

Kisha siku moja alirudi kutoka kazini, nje jua linayeyusha lami, akamkuta mumewe chumbani, sanduku liko wazi kitandani. Alikuwa anakunja sweta nzito.

"Maan? Unakwenda wapi?"

"Tunakwenda." Hakuinua kichwa. "Nazare. Mawimbi yanakaribia msimu wake."

Shaikha aliangalia upande wake wa sanduku. Mabuibui, mitandio, magauni, vyote alivyomfungia vilikuwa vyeusi. Chini ya miguu ya Maan zulia lilikuwa limelowa.

"Mimi sendi kokote," alisema.

"Haiwi, mke wangu. Tumealikwa, na wewe ndiye uliyeitikia." Alifunga zipu polepole, akatabasamu lile tabasamu la kitandani. "Usiogope. Bahari ni yangu peke yangu. Wewe utakaa mchangani, unisubiri."