Kidonge Kilichomchoma Baba

Kila siku ya shule, nyumba ya akina Loshini kule Chatsworth, mtaa wa Wahindi, iliamka kwa kelele. Redio ilifunguliwa kwa sauti ya juu, Mama, Vanitha, aligonga mlango wa bafu kwa ngumi, na Baba, Sagren, alizungumza kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto. Miaka ishirini na miwili ya mitambo ya kufuma nguo ilikuwa imemla masikio. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilisikia nusu, tena siku likipenda.

Loshini alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa chai. Jumanne ile alimimina chai ya maziwa na tangawizi iliyokuwa ingali inachemka, akaiweka mbele ya baba yake pamoja na kidonge kipya walichopewa jana yake kwenye zahanati. Baba hakuwa ametia kitu tumboni. Alikimeza kidonge kwa chai ile ya moto, kisha akavuta roti na achari ya pilipili.

Haikupita nusu saa. Alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi aliposimama ghafla na kujishika shingo.

"Loshi! Umetia nini kwenye chai?"

"Tangawizi tu, Baba!"

"Naungua! Vanitha, njoo uone, naungua! Kama nimepakwa pilipili mwili mzima!"

Uso wake ulikuwa umeiva, na masikio na kifua pia. Alijikuna huku na huku, akavua shati kwa pupa hata kifungo kimoja kikaruka chini ya meza. Bibi, mama yake Baba, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimgusa mwanawe shingoni, akarudi nyuma hatua moja, akakunja viganja kifuani.

"Nyamazeni wote," alisema. "Mariamman ameingia nyumbani."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Kwa watu wao, mtu akitoka wekundu na joto la surua au tetekuwanga, ni mungu mama huyo amemtembelea, wala hafukuzwi kwa dawa za hospitali. Matawi ya mwarobaini hutundikwa mlangoni na mgonjwa huogeshwa kwa maji ya bizari ya manjano. Nyama haipikwi, haradali haikaangwi, na hakuna anayeinua sauti mpaka mgeni aondoke kwa hiari yake.

Mama, aliyekuwa amevaa nusu ya sare yake ya kazi, hakuridhika. "Loshini, yule Sista wa dirisha la dawa alisema nini jana? Hakusema dawa hii inaweza kumfanya mtu hivi?"

"Hakusema kitu."

"Hata neno moja?"

"Alisema kimoja kila siku. Basi."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Jana yake Mama alikuwa na zamu, kwa hiyo Loshini ndiye aliyetolewa shule mapema ili ampeleke Baba zahanati. Na siku hiyo ilikuwa siku ya fainali ya netiboli, naye ndiye mfungaji. Alikwenda amenuna njia nzima. Sista Nokwanda alipogundua kwamba Baba hasikii, alimwinamia mtoto na kumwambia, "Binti, leo wewe ndiye masikio yake. Sikiliza vizuri." Loshini aliitikia kwa kichwa huku macho yake yako kwenye saa ya ukutani, akihesabu dakika za kipindi cha pili. Midomo ya Sista ilicheza kwa muda mrefu. Alipoulizwa kama ameelewa, alijibu, "Ndiyo, Sista." Hakuwa ameshika hata neno. Kwenye kipakiti cha nailoni kulikuwa kumeandikwa "1 kwa siku" tu.

Na dawa yenyewe haikuwa ya mafua. Damu ya Baba ilikuwa imejaa lehemu, yale mafuta yanayoziba mishipa ya moyo. Dawa ya kwanza ilimuumiza misuli ya miguu hata akashindwa kupanda ngazi, ndipo daktari akambadilishia na kumpa hii, niasini. Kaka yake Baba alikuwa na damu ya namna hiyo hiyo. Alianguka akiosha gari mbele ya nyumba, akafa akiwa na miaka thelathini na tisa. Baba alikwisha kufika arobaini na mmoja. Loshini aliyajua hayo yote alipofungua mdomo wake kudanganya.

Saa moja baadaye wekundu ulikuwa umekwisha. "Mmeona?" Bibi alisema. "Maji ya manjano hayo." Kwa siku saba kidonge hakikuguswa. Matawi yalining'inia mlangoni, dengu zilichemshwa bila kukaangwa chochote, na Baba, asiyejua kunong'ona, alifinywa na Bibi kila alipofungua kinywa. Loshini alikaa katika kimya kile akijichukia. Kila alipomwona Baba akipumzika katikati ya ngazi, alimkumbuka baba yake mkubwa na ndoo ya maji ya sabuni.

Siku ya nane Mama alichoka. "Surua gani inayokwisha saa moja, Mama? Na kipele hata kimoja hakikutoka! Mume wangu atameza dawa yake."

Bibi alinuna lakini hakubisha. Baba akameza kidonge, kwa chai ya moto tena, na tumbo tupu tena. Loshini aliangalia sahani yake. Moto ukaja mara mbili ya ule wa kwanza, Baba akajikuna mpaka mikono ikabaki na michirizi.

"Mariamman hawezi kuja mara mbili ndani ya siku nane," Bibi alisema kwa uchungu. "Mwanangu wamempa sumu."

Baba akawa mbogo. Alinyakua kipakiti kwa mkono mmoja na mkono wa Loshini kwa mwingine. "Twende! Wewe utakuwa shahidi wangu!"

Mabenchi ya zahanati yalikuwa yamejaa. Baba hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja hadi dirishani, akakipigiza kipakiti juu ya kaunta.

"Sista! Umenipa sumu! Mara mbili nimeungua kama nyama kwenye makaa! Unataka niwaache watoto wangu?"

Sista Nokwanda alimtazama usoni. "Baba, ulikula kwanza? Na ulikimeza kwa kinywaji gani?"

"Nini?"

"ULIKIMEZA KWA KINYWAJI GANI?"

"Kwa chai! Kila mtu humeza dawa kwa chai!"

Sista alishusha pumzi. "Ndicho nilichokataza. Nilimweleza binti yako yote, neno kwa neno." Akayasema tena kwa sauti kubwa, huku akimwonyesha Loshini kwa kidole.

Baba akageuka. "Loshini! Alikueleza?"

Benchi zima lilikuwa linamwangalia. "Hapana," alisema, akatikisa kichwa ili Baba aone.

"Mmesikia?" Baba aliwageukia watu. "Kosa lake anamsingizia mtoto! Niitieni mkubwa wenu!"

Msimamizi alikuja mbio na shada la funguo kiunoni. Hakuuliza mengi. Alimwambia Sista atoke dirishani mpaka jambo lichunguzwe. Sista alivua miwani kwa hasira. "Miaka kumi na saba nipo kwenye dirisha hili," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniita mwongo."

Wa pili kwenye foleni alikuwa mama mzee wa kofia ya sufu nyekundu. Alikiangalia kipakiti cha Baba, akatoa chake mkobani, akakiweka juu ya kaunta. "Kumbe ndizo hizi hizi," alisema. "Na mimi ziliniunguza nikavumilia. Basi, sizitaki tena." Akashika mkongojo wake akaondoka.

Baba naye alikwisha kufika kwenye pipa la taka, amekifungua kipakiti na kukielekeza chini. Loshini alikuwa na hasira na wote, na Sista, na fainali, na masikio ya baba yake. Lakini alipoona vidonge vinaanza kuteleza, hasira yote ilimrudia mwenyewe.

"Alisema," alinong'ona.

"Nini?"

"Alisema, Baba."

"Sikusikii! Sema kwa nguvu!"

Hapakuwa na njia ya kumwungamia baba yule kwa siri. Ilimbidi apige kelele, mbele ya mabenchi, mbele ya msimamizi, mbele ya kila mtu.

"SISTA ALISEMA! MIMI NDIYE SIKUSIKILIZA! NIMEDANGANYA, BABA!"

Mtu mmoja akaguna. Uso wa Baba ukaiva tena, safari hii bila kidonge. Aliondoa mkono wake juu ya pipa polepole.

"Umeniacha nimtukane mama wa watu," alisema. "Na yule mzee ameacha dawa. Mfuate. Sasa hivi!"

Loshini alichukua kipakiti cha mama mzee akakimbia. Alimkuta getini.

"Bibi, rudi tafadhali. Dawa si sumu. Nilidanganya."

Mama mzee alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Dakika tano zilizopita ulisema hapana. Sasa unasema ndiyo. Nimwamini Loshini yupi, yule au huyu? Ndilo jina lako, sivyo? Baba yako amelitangaza mpaka barabarani."

Loshini akaanza kulia.

"Usinililie mimi. Machozi si cheti. Nitarudi, lakini nitamsikiliza Sista, si wewe."

Waliporudi, Sista Nokwanda alikuwa amerudishwa dirishani. Hakutabasamu. Alimkalisha Baba kwenye kiti karibu naye, mahali ambapo angeweza kuiona midomo yake vizuri, akasema kwa utaratibu. Kidonge kimezwe baada ya chakula cha jioni, tumbo likiwa limeshiba. Kimezwe kwa maji baridi, na wakati huo asiguse chai ya moto, pilipili wala pombe. Aanze na nusu kidonge kwa wiki mbili, na zahanati ingemkatia vidonge. Ngozi itapata joto na kuwasha, kwa sababu mishipa midogo imefunguka, na mara nyingi hali hiyo hupita ndani ya saa moja. Mwili huzoea.

"Ukipata kizunguzungu, au macho yakiwa ya manjano, njoo siku hiyo hiyo," alimaliza. "Na kama dawa inakusumbua, njoo unigombeze. Usiiache kimya kimya, wala usiitupe." Kisha akamgeukia msimamizi. "Na mimi nina kosa langu. Sikupaswa kumwachia mtoto maelezo ya mtu mzima. Kuanzia leo nitaandika."

"Nisamehe, Sista," Loshini alisema.

"Nimesikia. Lakini leo bado nina hasira. Niombe tena wiki ijayo."

Jioni, baada ya wali na dengu, Baba alimeza nusu kidonge kwa maji ya baridi. Wote walimkodolea macho. Mashavu yalipata joto, masikio yakawasha kidogo, na kabla ya taarifa ya habari kwisha alikuwa anauliza kama kuna wali uliobaki. Miezi mitatu baadaye damu yake ilipimwa, na lehemu ilikuwa imeshuka kiasi cha daktari kumpa mkono. Lakini hayo yalikuwa ya mbele. Jioni ile Bibi alikuwa amesimama mlangoni akiteremsha matawi yaliyokauka, na hasira yake ilikuwa haijapoa.

"Njoo hapa," alimwambia Loshini. "Umemtwika Mariamman mzigo wa uongo wako. Kesho tutakwenda wote hekaluni. Mimi nitaomba radhi kwa kutamka kabla ya kuuliza, na wewe utaomba radhi kwa yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Sijamaliza. Baba yako ni nusu kiziwi. Kwa siku husema 'sikusikia, rudia' mara ngapi? Husema kiwandani, husema dukani, husema hata kwa kuhani, na haoni haya. Wewe una masikio mawili mazima, na neno hilo moja likakushinda! Lingekugharimu nini? Aibu ya kupepesa jicho. Ukaona heri baba yako aungue mara mbili, mama wa watu afukuzwe kazini, na mzee wa watu arudi nyumbani bila dawa. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, lakini hukanyaga wengi. Kutosikia si kosa. Kosa ni kusema umesikia."

Baba aliinua kichwa kutoka kitini. "Mnasema nini hapo mlangoni? Sikusikia!"

Bibi alimtazama Loshini. Loshini akaenda akasimama mbele ya baba yake, mahali ambapo angeweza kuiona midomo yake, akayarudia maneno yote ya Bibi kwa sauti kubwa, na hakuruka hata moja.